Jina la Kumbandika Mpinzani: Nilichojifunza Sokoni Mwanjelwa

Katika kampeni za udiwani za mwaka 2015 nilikuwa nikiandika hotuba na maneno ya gari la matangazo la mgombea mmoja, katika kata iliyo jirani na Mwanjelwa, jijini Mbeya, na wazo la kumwita mpinzani wetu "mgeni" lilikuwa langu mwenyewe. Yule bwana alikuwa amehamia kutoka mkoa mwingine miaka michache kabla, wa kwetu alizaliwa palepale, nami nikadhani kazi imekwisha. Siku ya tatu nilisimama kwa mama mmoja muuza viazi, aliyekuwa akijaza sado na kupanga vile vikubwa juu, nikamuuliza anaionaje kampeni yetu. Hakuinua macho. "Mwanangu, mimi kwetu Makete," alisema. "Na mimi nifungashe?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mkazi wa Mbeya analijua: soko lile limejaa Wakinga waliotoka Makete, Wanyakyusa waliotoka Rungwe na watu wengine wengi ambao kwao ni kwingine. Jina nililomrushia mtu mmoja lilikuwa limewaangukia wapiga kura wenyewe. Tulishindwa, na ninaamini neno lile lilichangia. Hillary Clinton alifanya kosa la jamaa hiyo mwaka 2016, alipowaweka nusu ya wafuasi wa Trump katika kapu la watu wasiofaa. Wafuasi hao walilivaa neno hilo kwenye fulana zao kwa majivuno.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeandaa kampeni ni kwamba asibuni jina, bali aliokote. Jina linalonata ni lile linalotaja jambo ambalo mpiga kura amekwisha kuliona kwa macho yake. Miaka mitano baada ya kosa langu nilimsaidia mgombea mwingine, dhidi ya diwani aliyeahidi kalavati katika barabara ambayo masika abiria wa bajaji hulazimika kushuka na kusukuma. Vijana wa bodaboda walikuwa tayari wanamwita "Kesho", na sisi tulichofanya ni kulichukua jina hilo kijiweni na kulipandisha jukwaani. Hatukuhitaji kulifafanua, kwa sababu tope lilikuwa bado liko kwenye viatu vya wasikilizaji.

Neno "fisadi" lilipata nguvu kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2006 nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme, na watu waliokaa gizani hawakuhitaji kuelezwa sana sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, lilikuwa na uzito gani. Kamati teule ya Bunge, iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wetu wa Kyela, ilipowasilisha ripoti yake Februari 2008, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu. Lakini mwaka 2015 Chadema, chama kilichokuwa kimelitangaza neno hilo kuliko chama kingine chochote, kilimpokea Lowassa na kumfanya mgombea urais wake. Hapo neno lilikosa msemaji, kwani aliyelieneza hangeweza tena kulitamka bila kuulizwa maswali, na Dkt. Slaa, aliyekuwa katibu mkuu, alijitoa. Lowassa alishindwa, lakini alipata karibu asilimia 40 ya kura. Ndiyo maana huwa namwuliza kila mgombea kwanza: je, kesho kutwa utaweza kukaa meza moja na huyu unayemchafua?

Chadema nacho kiliwahi kuitwa chama cha Kaskazini. Pengine huko kwingine neno hilo lilifanya kazi. Huku kwetu Joseph Mbilinyi, tunayemwita Sugu, alichukua Mbeya Mjini mwaka 2010 na tena 2015, na Peter Msigwa akachukua Iringa Mjini chaguzi hizohizo. Mtu anayemfahamu mgombea kwa sura na sauti haambiwi kirahisi kwamba ni wa mbali.

Kuhusu matusi sina mengi ya kusema. Maadili ya uchaguzi yanayakataza, na mgombea anayeshinda kutwa akijibu malalamiko anapoteza siku za kuomba kura.

Siku hizi mtu akiniletea jina alilolitunga ofisini, simjibu papo hapo. Naenda kwanza Mwanjelwa kununua viazi.