Mtoto wa miezi 7 kaanguka kitandani, mkono umevimba: niseme nini hospitali?

Dada, usiende kuusema huo uongo. Nimefika pale ulipoandika "jirani kanishauri niseme alikuwa anacheza na wenzake" nikaweka chai chini. Wa miezi 7 anacheza rede na nani? Daktari ataanzia hapo hapo: umri huu anaweza nini, na maelezo yanaendana na jeraha?

Mimi yalinikuta msimu wa korosho, huku Tandahimba. Wa kwangu alikuwa na mwaka na miezi 2. Tulimwacha na binti wa dada yangu, miaka 9, tukaenda kuokota. Binti akataka kumwogesha, akamsimamisha kwenye beseni la maji ya moto. Miguu yote miwili ikababuka. Jirani mmoja, aliwahi kufagia zahanati akajipa unesi, akanambia: "Ukisema mmemwachia mtoto mwenzie mtafungwa. Sema kajimwagia chai." Huyo huyo ndiye aliyempaka dawa ya meno, ndiye aliyesema tusubiri asubuhi. Mpaka leo namsalimia kwa mbali.

Daktari akafunua, akauliza chai ilikuwa wapi. Nikasema mezani, kaivuta. "Kifua je? Mikono?" Kifuani hata doa. Chai ikivutwa huanzia juu, usoni, begani, kifuani, inachuruzika ovyo na kuungua kunapungua inavyoshuka. Wangu alikuwa na mstari mmoja juu ya vifundo, miguu yote, kama kavaa soksi. Sasa alama ya namna hiyo ndiyo inayowatia shaka kwamba mtoto kazamishwa makusudi. Ukweli wangu ulikuwa wa aibu tu. Uongo ndio ulionitafutia kesi.

Wakamwita mama yake pembeni, akasema maji ya kuoga. Mimi chai, yeye maji! Akaja afisa ustawi wa jamii, wakaja polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Ilikuwa Ijumaa, nimevaa kanzu, nikidhani itanitetea. Wapi. Wakataka na eksirei za mikono, miguu, mbavu, maana mtoto wa chini ya miaka 2 hawezi kujieleza, wanatafuta mifupa iliyovunjika zamani ikaanza kuunga. Hawakukuta kitu. Siku 4 mpaka binti aliposikilizwa, akaeleza huku analia. Korosho zangu siku hizo waliokota wengine, na jirani simtoi.

Kwa hiyo sema vile vile ilivyokuwa, tangu mara ya kwanza: kitanda kina urefu gani kutoka chini, sakafu ni saruji au udongo, saa ngapi, nani alikuwepo. Hukuwepo? Sema hukuwepo, usijazie. Baba yake naye aseme anachokijua, msipange. Wakikutaka PF3 usikimbie, ni fomu ya matibabu inayotoka polisi, si hati ya mashtaka. Usimkande huo mkono. Na nenda leo, dada, kila saa unayochelewa utaulizwa ulikuwa wapi.

Halafu huyo jirani yako anakaa mtaa gani? Isije ikawa ni yule wangu kahamia kwenu.