Ganzi ya mkono? Waambie wakupime huku umeunyanyua

Mi ni msusi, mwaka wa 12 huu, na kazi yetu mnaijua, mikono juu kutwa nzima. Nikaanza kupata ganzi kidole cha mwisho na cha pete, mkono wa kulia, bega linavuta mpaka shingoni, usiku naamka naukung'uta mkono. Nikachua weee, wapi. Eksirei ya shingo ikatoka safi nikapewa dawa za maumivu, kumbe eksirei inaonyesha mifupa tu, mshipa wa fahamu haiuoni kabisa.

Dokta mwingine ndo akaniandikia altrasaundi, nikashangaa maana najua hiyo ni ya wajawazito. Akanipaka jeli juu ya mtulinga, mkono ukiwa umetulia hakuona kitu. Halafu akasema dada nyanyua mkono kama unavyosuka, usishushe. Tukasubiri, ganzi ikaja, na kwenye skrini ile nafasi kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza ikabana, ndo njia inayopita mishipa ya fahamu ya mkono pamoja na mshipa mkubwa wa damu. Akanambia damu kupita kidogo kwenye mshipa huo mkono ukiwa juu, hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha tatizo, hata wazima huwatokea, ndo maana alitaka ganzi ije hapohapo na akapima na mkono wa kushoto alinganishe.

Sasa jamani, ukienda omba upimwe kwenye mkao uleule unaokuletea shida, na pande zote mbili. Uliza pia kama wana kifaa cha kuangalia misuli na mishipa ya juu juu, kile cha tumboni picha yake ya vitu vidogo vidogo haitoki vizuri, na anayepima awe amezoea mishipa ya fahamu.

Ila altrasaundi haipenyi mfupa. Mshipa wa fahamu ukibanwa na diski (kile kisahani laini kati ya pingili) pale unapotokea kwenye pingili za shingo haitauona, hapo ni MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, kwa hiyo jibu safi lisikufanye ukae nyumbani na maumivu. Na kama mkono unaishiwa nguvu, vikombe vinakudondoka, au miguu nayo inalegea, nenda hospitali leo leo tafadhali.

Mi nafanya mazoezi ya mabega niliyofundishwa fiziotherapia, na wateja siku hizi nawakalisha kwenye kigoda, chini kabisa, mikono yangu isipite bega. Usiku nalala. Ganzi inarudi nikisuka rasta ndefu mpaka jioni, basi naziahirisha nusu hadi kesho yake.