Matajiri Wakitozwa Zaidi, Watahama?

SWALI: Mimi ni seremala hapa Nakuru. Mteja wangu mmoja, mwenye majumba ya kupangisha, anasema serikali ikiwakamua matajiri watahamisha pesa nje na sisi mafundi ndio tutakosa kazi. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, mteja wako hakosi hoja kabisa. Norway ilipoongeza kodi ya mali (inayotozwa kwa jumla ya utajiri wa mtu) mwaka 2022, bilionea wao Kjell Inge Røkke alihamia Lugano, Uswisi. (Uswisi nayo hutoza kodi ya mali, kila jimbo kwa kiwango chake!)

Lakini majumba ya Nakuru hayapandi ndege. Tena mali ya aina hiyo ilibembelezwa kwa muda mrefu: Kenya ilisimamisha kodi ya faida ya kuuza mali mwaka 1985, ikairudisha 2015 kwa asilimia 5, kisha ikaipandisha hadi 15 Januari 2023. Hebu fikiria: kwa takriban miaka 30 mtu aliweza kununua ploti, akaikalia, akaiuza mara kumi ya bei bila kulipa kodi hiyo, huku mwalimu akikatwa kwenye mshahara kila mwezi. Pesa ya namna hiyo, kwa maoni yangu, hulala kwenye ardhi badala ya kununua mashine na kuajiri vijana.

Mwaka 2023 wanaopata zaidi ya shilingi 800,000 kwa mwezi waliwekewa kodi ya mapato ya asilimia 35 kwa kiasi kinachozidi hapo. Sawa, ila hiyo humnasa kwanza meneja mwenye hati ya mshahara. Mteja wako hana hati hiyo. Muulize pesa za pango anazopokea kwa wapangaji wake huzitangaza vipi kwa watoza kodi, halafu umsikilize vizuri akijibu.