Maswali ya Lugha: "Nice" lilianza kama tusi

SWALI: Mwalimu wetu wa Kiingereza hulikata neno "nice" kila alionapo kwenye insha, ilhali wenye lugha yao wanalitumia kutwa kucha. Limetoka wapi, na kosa ni la nani?

JIBU: Chimbuko lake ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua: "ne" ya kukanusha na "scire", kujua, kitenzi kilichozaa pia neno "science". Katika Kifaransa cha kale likawa na maana ya mpumbavu, na likaingia Kiingereza karibu mwaka 1300 na maana hiyohiyo. Enzi hizo ukiitwa "nice" ulikuwa umetukanwa. Baadaye likatumika kwa mtu mpenda anasa, kisha kwa mchaguzi asiyeridhika upesi, na kutoka kwa mchaguzi likahamia kwenye jambo linalotaka umakini. Maana ya kupendeza ilishika mizizi katika karne ya 18. "Silly" lilishika njia ya kinyume: mwanzoni lilimaanisha mwenye heri, leo ni mpumbavu.

Ile maana ya umakini bado hai. "A nice distinction" si tofauti nzuri, ni tofauti ndogo isiyoonekana ila kwa jicho kali. Wanafunzi wa sheria na falsafa hukutana nayo, na wengi huitafsiri vibaya.

Mwalimu wako ana hoja, tena ya zamani. Katika riwaya ya "Northanger Abbey", iliyotoka mwishoni mwa 1817, mwandishi Mwingereza Jane Austen anamweka mhusika akilitania neno hili kwa kuwa linafaa kwa siku, kwa matembezi na kwa wasichana. Linalosifu kila kitu halielezi kitu. Kwenye insha, badala ya "a nice teacher" sema alivyo: "patient", "generous", "fair". Katika mazungumzo liache lilivyo; anayelikwepa kabisa husikika kama anasoma hotuba.

SWALI: Kwa nini niliandika "It was so nice day" nikakosolewa?

JIBU: "So" hukaa na kivumishi peke yake: "The day was so nice." Kikifuatwa na nomino, tumia "such": "It was such a nice day." Hiyo "a" nayo ni ya lazima kwa nomino ya umoja inayohesabika, lakini "weather" haihesabiki, kwa hiyo ni "such nice weather".

Kosa jingine ni "It smells nicely". Baada ya "smell", "taste", "look", "sound" na "feel" zinazoeleza hali ya kitu, weka kivumishi: "It smells nice." "Nicely" hueleza namna tendo linavyofanyika: "She sings nicely."

Vivumishi vikifuatana, chenye maoni hutangulia: "a nice old wooden table", kamwe si "an old nice table". Kisha kuna "nice and warm", ambayo haimaanishi sifa mbili. Hapo "nice" linaongeza tu kwamba joto lenyewe linapendeza. Hukaa baada ya kitenzi: "The room is nice and warm." Kabla ya nomino "and" huondoka: "a nice warm room".

Angalia pia vihusishi. Unamtendea mtu wema: "Be nice to him", si "with him". Ukisifu tendo la mtu: "It was nice of you to help."

SWALI: "Nice to meet you" naweza kumwambia rafiki?

JIBU: Hapana, kama mnafahamiana. Hiyo ni ya kukutana mara ya kwanza, kwa rafiki sema "Nice to see you." Mnapoagana na mtu mliyefahamiana siku hiyohiyo ni "Nice meeting you."

SWALI: Bosi alitazama kazi yangu iliyoharibika akasema "Well, this is a nice mess." Alinisifu?

JIBU: Hakukusifu. "Nice" likiambatana na nomino mbaya kama "mess" huwa kejeli. Kuna nyakati hakuna hata nomino: mtu akiangusha glasi, mwenzake anasema "Oh, nice." Sauti iliyovutwa na uso usio na furaha ndivyo vitakavyokuambia.