Faili Nililolituma Kundini

Wiki jana kijana mmoja wa chuo aliniandikia: "Kaka, nionyeshe jinsi ya kunasa data ya simu nijue hizi apu za mikopo zinatuma nini." Hamu hiyo naijua. Lakini kabla sijamjibu niliikumbuka simu ya dada yangu.

Nilikuwa kwangu Umoja, Nairobi, usiku, nikijaribu kunasa data ya apu kama hizo. Simu yangu ilinikatalia, maana tangu Android 7 ya mwaka 2016 apu haziamini cheti ulichojiwekea mwenyewe (hati ya kidijitali inayoifanya simu iiamini kompyuta inayosoma data yake) isipokuwa walioziunda wameruhusu. Dada alikuwa na simu kuukuu ya Android 6. Nikaiazima, nikaweka cheti cha mitmproxy, programu ya kunasa data inayopita mtandaoni, nikapitisha waifai yake kwenye laptopu yangu. Saa saba usiku majina yakaanza kumiminika kwenye skrini: Mama Mboga, Fundi Cherehani, Pasta. Namba zote alizohifadhi dada zilikuwa zinakwenda kwa wakopeshaji. Niliona fahari, na hata leo nasema kazi ile niliifanya vizuri.

Kosa lilikuja asubuhi. Nilituma faili zima kwenye kundi letu la Telegram, watu arobaini na kitu, wajionee. Sikulipekua. Chini ya majina yale kulikuwa na mstari ulioanza na "Authorization: Bearer", kisha herufi ndefu zisizosomeka. Ilikuwa tokeni ya akaunti ambayo dada anauzia mitumba mtandaoni, na aliye nayo huingia bila kuulizwa nywila. Siku ya tatu, namba ya kupokelea malipo ilikuwa imebadilishwa. Mauzo ya wikendi nzima yakapotea. Nililipa. Dada alizipokea zile pesa, akasema asante, na tangu hapo nikiingia kwake simu huitia mfukoni.

Basi, mdogo wangu, sikia. Tumia simu kuukuu iliyo yako, laini mpya, akaunti za majaribio, majina ya kubuni. Ya mwenzako usiinase bila ridhaa yake: sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 inalihesabu hilo kuwa jinai, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 inamlinda hata Mama Mboga, ambaye hakuna aliyemuuliza. Faili usilitume kwa mtu. Narudia, usilitume! Nakili mstari unaoutaka tu, ufiche namba. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya usalama ukifute kile cheti. Mimi nilikiacha kwenye simu ya dada miezi minne, na ufunguo wake wa siri, ambao aliye nao anaweza kuihadaa simu ile imwamini, ulikuwa kwenye laptopu niliyopanda nayo matatu kila siku.