Wasomaji Wanauliza: Taa Janja na Nyaya Zilizofichwa Ukutani

Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu na tumeshafika kwenye linta. Fundi wetu wa umeme anashauri tusiweke swichi ukutani kabisa, kwa kuwa soko sasa limehamia kwenye taa janja zinazowashwa kwa simu. Je, tumfuate?

Hongereni kwa hatua mliyofikia, na mmefanya vyema kuuliza kabla ya plasta. Fundi wenu ameona kweli kwamba soko linabadilika, ila kwa ushauri huo wa swichi ningewaomba msimfuate.

Soko la taa limegeuka mara mbili katika kizazi kimoja, na mageuzi hayo hayana uzito sawa. La kwanza ni ujio wa LED, yaani taa zinazotumia diodi, vipande vidogo vya elektroniki vinavyotoa mwanga. Baada ya diodi ya mwanga wa buluu kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, iliwezekana kutengeneza taa nyeupe isiyopoteza umeme mwingi kwa njia ya joto. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), ilhali LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga huohuo. Sheria nazo zikafuata: Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa balbu za zamani sokoni mwaka 2009, na Marekani ikaanza Agosti 2023 kutekeleza sharti la lumeni zisizopungua 45 kwa kila wati. Taa za mirija zenye zebaki hazikusalimika pia, kwani mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuzikomesha kufikia mwaka 2027.

Geuzi la pili, yaani kuiunganisha taa na mtandao, huokoa umeme pungufu ya matangazo yanavyodai, na wakati mwingine haliokoi chochote. Chukueni taa ya stoo. Ni ya wati 9 na huwaka saa moja kwa siku, hivyo kwa mwaka hutumia uniti 3 na kitu. Ikiwa ni taa janja, saa 23 zinazobaki huwa inasubiri amri ya simu, na kusubiri huko kunakula umeme. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu hadi nusu wati kwa kazi hiyo, na nusu wati kwa saa hizo zote hufika uniti 4 kwa mwaka. Taa hiyo itakuwa imetumia umeme mwingi zaidi gizani kuliko ilipowaka. Vihisi, yaani vifaa vinavyotambua kama kuna mtu, na ratiba hulipa pale ambapo taa ni nyingi na watu husahau kuzizima, kama kwenye ngazi za majengo ya ghorofa, maofisi, maghala na barabara. Huko ndiko ningependa kuona teknolojia hii ikisambaa haraka.

Sasa swichi. Balbu janja ikizimwa ukutani hukosa umeme, na simu haiwezi kuiamrisha tena, ndiyo sababu fundi wenu anataka swichi ziondoke. Lakini mgeni, mtoto na mzee wataiwashaje taa usiku? Dawa yake ni kuweka swichi ya kawaida leo katika boksi ambalo kesho litaweza kupokea swichi janja. Fungueni boksi la swichi katika nyumba nyingi na mtakuta waya wa laivu, ule unaoleta umeme, unaoshuka na mwingine unaorudi kwenye taa, basi. Nyutro, yaani waya unaokamilisha njia ya kurudi ya umeme, imebaki juu darini. Swichi janja nyingi huhitaji nyutro ili zipate umeme wao wenyewe, na kuishusha baada ya plasta kukauka ni kuchimba ukuta upya. Kwa hiyo mwambieni fundi ashushe nyutro katika kila boksi, atumie maboksi yenye kina, na aache nafasi ndani ya mabomba ya nyaya. Programu ya simu mtaibadilisha mara nyingi, lakini nyaya hizo huenda zikamhudumia hata mjukuu wenu.

Nilinunua taa za kampuni moja na swichi za nyingine, na haziwasiliani. Ninunue nini safari hii?

Kero yako wanaijua wengi, na viwanda vimeisikia. Oktoba 2022 muungano wa viwanda uitwao Connectivity Standards Alliance ulitoa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, kinachoviwezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana. Tafuta alama yake kwenye boksi la kifaa. Swali lililo zito zaidi ni hili: intaneti ikikatika, taa itaendelea kutii? Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani ilizima ghafla seva zake, yaani kompyuta za mbali zilizopitisha amri za simu, na wateja wakaamka na programu isiyofanya kazi ilhali taa zao zilikuwa nzima. Nunua kifaa kinachopokea amri ndani ya nyumba yenyewe, na chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole.

Nyumba yetu ni ya zamani. Tunataka jiko la umeme, paneli za sola na baadaye chaja ya gari. Je, nyaya zilizopo zitahimili?

Huenda zisihimili, na hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa na wengi zaidi. Nyumba zinaacha gesi na mafuta na kuhamia kwenye umeme, kwa hiyo mzigo ambao LED zimeupunguza darini unarudi ukiwa mkubwa zaidi kupitia soketi. Chaja ya gari ya kilowati 7, kwa umeme wa volti 230, huvuta takriban ampea 30, tena kwa saa nyingi mfululizo. Waya una ukinzani wake, na mkondo ukiongezeka mara mbili joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyaya zilizotosha taa na redio kwa miaka mingi bila shida zinaweza kuungua ndani ya miezi michache.

Dalili zake huonekana mapema kwa anayeangalia. Gusa kifuniko cha soketi baada ya pasi au birika kufanya kazi: kikiwa cha moto, plastiki ikianza kuwa ya kahawia kuzunguka tundu, au ukinusa harufu kama ya samaki, mara nyingi skrubu inayobana waya imelegea. Zima sakiti hiyo na umwite fundi siku hiyohiyo. Akishafika, apime waya wa ardhi, na kama bodi ya kugawia umeme haina kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30, akiweke kabla ya jambo lingine lolote. Kisha jiko na chaja vipewe kila kimoja sakiti yake kutoka kwenye bodi. Si lazima uongeze laini inayoingia nyumbani, kwa maana zipo chaja zinazopima matumizi ya nyumba nzima na kupunguza kasi jiko linapowaka. Huo ndio ujanja wa vifaa ninaoupenda, kwa kuwa unakuokolea shaba na gharama.

Mjenzi anatuuzia nyumba "endelevu" kwa sababu ina taa janja. Tutaamuaje?

Nendeni mchana, mzime taa zote, mwone ni vyumba vingapi mnaweza kusomea gazeti. Tazameni kama madirisha yamekingwa dhidi ya jua kali na kama hewa inapita. Halafu mwombeni mjenzi ashushe taa moja ya darini. Mara nyingi kinachokufa kwanza si diodi zenyewe, bali kile kisanduku cha kubadilishia umeme kinachopikwa na joto la dari. Kama kinatoka na kubadilishwa peke yake, taa hiyo ina maisha marefu. Kama vyote vimegandishwa pamoja, hitilafu ya kisanduku itawalazimu kutupa taa nzima, hivyo mwombeni awawekee za aina nyingine kabla hamjatia saini.