Kamera Yangu ya Kwanza Ilinirekodia Kivuli

Siku laptopu ya mke wangu ilipotoweka sebuleni, mchana kweupe, mimi sikushtuka. Si nina kamera? Nikakaa kwenye kochi, nikafungua simu, nikarudisha picha nyuma hadi saa 8:10 mchana, na kweli mtu alikuwepo. Anaingia, anainama mezani, anatoka. Sekunde 12. Ila hakuwa na uso. Alikuwa kivuli cheusi tii mbele ya dirisha linalowaka jua, na mpaka leo siwezi kuapa kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Mke wangu akaitazama ile video mara moja tu, akanirudishia simu. "Baba watoto, sasa hii uliinunua ya nini?"

Kamera yenyewe haikuwa mbovu. Nilikuwa nimeiweka kwenye rafu inayotazamana na dirisha kwa sababu moja tu: soketi ilikuwa hapo. Kamera ikielekezwa kwenye mwanga mkali hujibana ili dirisha lisigeuke weupe mtupu, na chochote kilicho mbele ya dirisha hilo kinabaki giza. Siku hizi zipo zinazojitahidi kusawazisha mwanga na giza kwenye picha moja, na zinasaidia kiasi, lakini dawa haina gharama: kamera ilipe dirisha mgongo, iutazame mlango. Waya usipofika, nunua mrefu zaidi. Usikubali soketi ikuchagulie cha kutazama.

Lile swali la mke wangu ndilo nililopaswa kujiuliza kabla sijatoa hela. Unataka kujua nini? Mimi nilitaka kujua nani kaingia na saa ngapi. Kwa swali hilo kamera moja inayoutazama mlango vizuri inatosha kuliko nne zilizotawanywa ovyo. Mwingine anataka kujua kama mzazi wake mzee ameanguka akiwa peke yake. Huyo anahitaji kamera inayoona chumba kizima, yenye spika na kinasa sauti ili wasemezane. Mwingine anataka tu kuona kama paka ameparamia meza. Kila swali lina kamera yake na mahali pake, na wengi tunanunua kwanza, swali linakuja baada ya kuibiwa.

Kwa wanaotaka uso, kuna hesabu ndogo ambayo sikuambiwa na muuzaji. Picha ya 1080p ina pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyoiunda, 1920 kwa upana. Lenzi ikiwa na uwazi wa nyuzi 90, basi kwa umbali wa mita 4 inaona upana wa mita 8, na zile 1920 zinagawanywa humo: pikseli 240 kwa kila mita. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua. Kwa hiyo mita 4 ni mpakani. Ukirudi hadi mita 8 zinabaki nusu, na sura inakuwa uji. Lenzi pana zaidi ndiyo inazitawanya zaidi. Zile nyuzi 130 zinazosifiwa kwenye boksi ni nzuri kwa kuona chumba, si kwa kumjua mtu. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia 4K, yaani kamera yenye pikseli nyingi zaidi, pima umbali kutoka kamera hadi mlangoni. Mara nyingi kuisogeza mita mbili kunafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha kamera.

Na usiipandishe darini. Ndiyo, ukiwa juu unaona eneo kubwa, lakini unachoona ni utosi na kofia. Yangu sasa iko kama mita 2 kutoka sakafuni, imeinama kidogo.

Kuhusu neno "bila waya", tusidanganyane. Kamera nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hazina waya wa data tu; waya wa umeme upo palepale. Zisizo na waya kabisa zinatumia betri, na ili betri idumu, zinalala. Zina kihisi cha joto la mwili kinachoziamsha mtu akipita, na kuamka huko kunaweza kuchukua sekunde moja au mbili. Niliwahi kuwa nayo moja koridoni. Kwa miezi mitatu nilijikusanyia migongo: mgongo wa mwanangu, mgongo wa fundi bomba, mgongo wangu mwenyewe. Kosa lilikuwa nusu langu, maana kihisi cha aina hiyo hung'amua haraka mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, nami nilikuwa nimeielekeza ifuate urefu wa koridoni. Kama una soketi karibu, chukua ya umeme. Betri iachie mahali ambapo umeme haufiki kabisa.

Waifai ndiyo inayoua kamera nyingi, kisha lawama zinapewa kamera. Bendi ya gigahezi 2.4, yaani masafa ya mawimbi yake, hupenya kuta vizuri kuliko ya 5, na kamera nyingi za nyumbani zinaijua hiyo ya 2.4 peke yake. Usiku wa kwanza nilipambana saa nzima kuiunganisha, kumbe simu yangu ilikuwa kwenye ile ya 5. Kabla hujatoboa ukuta, simama na simu mahali unapotaka kuiweka, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, ucheze video. Ikikwamakwama hapo, na kamera itakwama. Kisha angalia kasi ya kupakia, si ile ya kupakua inayotangazwa kwa herufi kubwa. Kamera moja ya 1080p inaweza kula megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde kwenda nje muda wote unapoitazama ukiwa mbali. Weka tatu, kisha mtu aanze mkutano wa video chumba cha pili, usikie kelele.

Umeme ukikatika, rauta inazima na kamera inazima nayo. Na mwenye nia mbaya anaweza kuzima swichi kuu ya nyumba kabla hajaingia. Mimi nimeweka betri ndogo ya akiba kwenye rauta na nyingine kwenye kamera ya mlangoni.

Picha zinakaa wapi? Hapa fanya hesabu mwenyewe, maana boksi linaandika tu "inahimili hadi GB 128". Kamera inayorekodi bila kukoma kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban GB 21.6 kwa siku. Kadi ya kumbukumbu ya GB 128 inajaa kabla siku 6 hazijatimia, halafu inaanza kufuta za mwanzo kimyakimya. Ukisafiri wiki mbili, wiki ya kwanza huikuti. Ama irekodi pale tu kunapokuwa na mjongeo, ama uweke kadi kubwa zaidi. Na kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Za kawaida zinachoka kwa kuandikwa na kufutwa kila siku, na zinachoka bila kukuaga. Yangu ilikufa lini sijui. Niliigundua nilipoihitaji.

Kadi ina aibu nyingine: mwizi akiibeba kamera, ameondoka na ushahidi. Ndiyo maana watu hulipia hifadhi ya mtandaoni. Sina ugomvi nayo, ila uliza kabla ya kununua: nisipolipa kila mwezi, kinabaki nini? Kuna kamera ambazo bila malipo zinakuonyesha picha ya moja kwa moja tu, hata kurudisha nyuma dakika tano huwezi. Mimi natumia vyote viwili, kadi kwa saa zote na mtandaoni kwa matukio mafupi tu.

Sasa niungame. Siku ile ya laptopu, kamera iliniita. Arifa ipo kwenye simu hadi leo, saa 8:10 mchana. Sikuisikia kwa sababu wiki mbili nyuma nilikuwa nimezinyamazisha zote. Pazia likipepea, arifa. Feni ikigeuka, arifa. Taa za gari zikipita ukutani usiku, arifa. Nilikuwa napata hamsini, sitini kwa siku, na mtu hawezi kuishi hivyo. Kumbe ndani ya programu kulikuwa na mahali pa kuchora eneo la kuangaliwa. Ni kazi ya dakika tatu: unakokota kidole kuuzungushia mlango, pazia na feni vinabaki nje ya mstari. Ukiongezea kwamba ikuite ikiona umbo la mtu tu, na saa zile tu ambazo nyumba haina mtu, arifa zinashuka. Mimi sasa napata mbili au tatu kwa siku, na kila moja naifungua.

Usiku una vituko vyake. Kamera huona gizani kwa miale ya infraredi inayotoa yenyewe, kwa hiyo ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha ili ichungulie nje, miale inagonga kioo na kuirudia, unapata picha ya ukungu mweupe. Ukuta mweupe au ubavu wa kabati ulio karibu na lenzi unafanya hivyohivyo. Na buibui! Utando mmoja mbele ya lenzi unang'aa usiku kama kamba ya meli, na upepo ukiutikisa, kamera inakuamsha saa tisa usiku. Kitambaa kikavu mara moja kwa wiki kinatosha.

Kuhusu wanaoweza kuchungulia kupitia kamera yako, watu huniona nina hofu za bure. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, rekoda za video na rauta kwa wingi, na haikutumia uchawi: ilijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, karibu sitini tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikiwamo Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa wengi kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Uingereza imepiga marufuku nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote vya aina moja kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, lakini kamera iliyo mkononi mwako huenda ni ya zamani. Badilisha nywila siku hiyohiyo, isiwe ile unayotumia kwenye barua pepe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani zaidi ya nywila uombwe na uthibitisho wa pili, kama namba kwenye simu yako. Sasisha programu ya kamera, na kama rauta yako ina mtandao wa wageni, kamera ziishi huko, mbali na kompyuta yenye mambo yako.

Pia kuna orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti. Ifungue. Mimi niliikuta humo simu yangu ya zamani, niliyompa binamu yangu mwaka mmoja kabla. Hakuwa na habari nayo, maskini, lakini kwa mwaka mzima angeweza kututazama tukila chakula cha jioni.

Na waliomo ndani je? Mama alipokuja kukaa nasi, siku ya pili nilifungua programu nikakuta picha nyeusi. Nikadhani kadi imekufa tena. Nilipofika nyumbani nikakuta kamera imefunikwa kitambaa chake cha kichwa, kimekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini. "Siwezi kukaa napepesa macho na kitu kinanikodolea," akasema. "Mbona hukuniambia kipo?" Sikuwa na jibu. Tukakubaliana: kamera ya sebuleni inageuzwa ukutani akiwepo, ya mlangoni inabaki. Tangu hapo kila anayelala au kufanya kazi kwangu anaonyeshwa kamera ziko wapi, siku ya kwanza, kabla hajaketi. Chumba cha kulala, bafu, mahali anapolala msaidizi wa kazi, hapana. Sauti niliizima kabisa, maana katika nchi nyingi kurekodi mazungumzo ya watu bila ridhaa kunabanwa na sheria kuliko picha. Ukipangisha nyumba kwa wageni kupitia Airbnb, usiweke ya ndani hata moja. Wamezikataza dunia nzima tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata ukitoa taarifa.

Ukimaliza kufunga, ijaribu kama mwizi. Nilimtuma mwanangu atoke nje, avae kofia, aingie upesi, ainame mezani, aondoke. Mara ya kwanza nilipata kidevu na pua. Nikaishusha kamera sentimita ishirini, nikamwita mlangoni: "Toka, ingia tena."